Boliti Nne za Shimo la Oili

Saa tatu asubuhi, siku ya ukaguzi wa mwisho, oili chafu ilikutwa ikielea kwenye mfereji wa umma nyuma ya gereji mpya ya Mama Spana. Mkaguzi wa manispaa aliinama, akachovya kijiti, akanusa, akaguna. Sheria haikumwachia nafasi: anayemwaga oili mferejini hanyimwi leseni tu, anafungiwa kuomba tena kwa miaka mitano.

Roho ilimuuma kweli. Tangu aanze kazi hiyo hakuwahi kuona gereji iliyoandaliwa vile. Mitungi ya kuzimia moto ilitundikwa usawa wa mkono, betri kuukuu zilitengewa kona yake, na sakafu ilikuwa safi hata ungelaza mtoto mchanga. Kila boliti ilikuwa na mstari mwekundu wa rangi ya kucha, ulioanzia kichwani mwa boliti hadi kwenye chuma cha pembeni. Boliti ikizunguka kidogo tu, mstari unakatika.

"Wengine wanatumia chaki," Mama Spana alikuwa amemweleza, "lakini chaki maji yanaifuta."

Sasa mama huyo alisimama ameshika kiuno, machozi yakimlengalenga. "Mheshimiwa, sijafungua hata gari moja! Hiyo oili nimeitoa wapi?"

Bosi wake wa zamani, fundi mzee aliyekuja kuthibitisha uzoefu wake kama sheria inavyotaka, alitikisa kichwa. "Pole, binti yangu. Rudi kwangu tu. Nafasi yako ipo."

Mkaguzi alikwenda uani, kwenye shimo la kuchujia oili kabla maji hayajatoka kwenda mferejini, lililofunikwa kwa bamba lenye boliti nne. Alichuchumaa. Mistari yote minne ilikuwa imekatika.

"Jana jioni ilikuwa mizima," Mama Spana alisema. "Niliikagua mwenyewe."

Na juu ya kila boliti palikuwa na mstari mwingine, mweupe, wa chaki mbichi.

"Nani hapa ana chaki?"

Macho yote yalimgeukia mshonaji wa jirani aliyekuja kutazama, ambaye wiki nzima alikuwa akilalamikia kelele za nyundo. Chaki ilikuwa imechomoza mfukoni mwake.

"Jamani! Mimi nachora suruali, sichori vyuma!"

Mkaguzi alimpa spana. "Fungua."

Mshonaji aliishika kama mwiko wa kusongea, akasukuma, akatoka jasho, boliti haikutikisika hata kidogo.

"Basi, pumzika usije ukajivunja. Fundi, hebu tusaidie wewe."

Fundi mzee alizifungua zote kwa wepesi wa kupendeza. Chini, chujio lilikuwa limeng'olewa na kuegeshwa ukutani, na oili nzito ilikuwa imejaa hadi kwenye bomba la kutokea mferejini.

"Vizuri. Sasa funga, mtu asije akatumbukia."

Mzee alikaza boliti ya kwanza. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukatoka na chaki, ukachora. Akakaza ya pili, akachora. Kwenye ya tatu alishtuka, akabaki ameishikilia ile chaki hewani.

"Endelea, mzee," Mkaguzi alisema kwa upole. "Asubuhi ulizimaliza zote nne."

Fundi aliketi chini palepale. "Hakuna fundi kama huyu, mheshimiwa. Anasikiliza injini kama daktari anavyosikiliza kifua. Tangu aondoke wateja wanamuulizia yeye tu, mimi nimekuwa kama sipo. Nilileta oili chafu ya gereji yangu nikaimwaga humo. Nilitaka arudi. Sikutaka lingine."

Mkaguzi alimwamini, maana hata yeye angemtaka fundi kama huyo. Aligonga mhuri kwenye leseni mbele ya wote, akamkabidhi Mama Spana kwa mikono miwili, kisha akapiga simu polisi.

"Nisamehe, binti yangu," mzee alisema.

Mama Spana alijifuta macho. "Kila ninachokijua umenifundisha wewe, mwalimu, na kwa hilo nitakuheshimu mpaka naingia kaburini. Lakini binti yako usiniite tena."