Neno Lililofungiwa Ndani

Kila siku akitoka shule, Deodata alipitia kwanza kwenye soko la kando ya barabara, pale Nyakahura, ambako mama yake, Leonsia, aliuza maharage na ndizi. Alivua begi, akala mihogo aliyowekewa, kisha akaketi juu ya kreti la soda na kuchukua simu ya mama. Kazi yake ilikuwa kusoma habari. Wanawake waliendelea kuchambua maharage, madereva wa malori walitega sikio huku wakichagua ndizi, naye akasoma kwa sauti ileile aliyoitumia darasani, bila kumeza hata neno moja.

Gazeti walilolipenda liliitwa Magharibi Leo. Lilitoka mtandaoni tu, na liliandika habari za mkoa wao. Zamani lilisomwa bure. Tangu mvua za vuli zianze, mambo yalibadilika. Kichwa cha habari kilionekana, mistari miwili mitatu ikafuata, halafu maandishi yakafifia na pakatokea picha ya kufuli. Chini yake paliandikwa: "Ili kuendelea kusoma, lipia mwezi mzima."

Leonsia alipotajiwa bei alicheka. "Hiyo ni sukari ya nyumba nzima, mwanangu. Wewe tusomee hivyohivyo vichwa."

Basi wakawa wanasomewa vichwa.

Jumatano moja Deodata alifungua gazeti akakuta kichwa kikubwa: "Chanjo Yaua Ng'ombe Biharamulo." Alisoma na mistari iliyofuata. "Wafugaji wa wilaya ya Biharamulo wanalia baada ya ng'ombe wao kufa muda mfupi tu baada ya kuchanjwa. Uchunguzi wa gazeti hili umebaini kwamba..." Hapo kufuli likatokea.

Mikono iliyokuwa ikichambua maharage ilisimama. Ijumaa ya wiki hiyohiyo bwana mifugo alitarajiwa kuchanja ng'ombe wote wa kijiji pale kwenye josho, kwa sababu ugonjwa wa mapafu ulikuwa umeingia vijiji vya jirani.

"Umebaini nini?" aliuliza Mwanaisha, mwenye duka la nguo lililopakana na meza ya Leonsia.

"Sijui, mama Mwanaisha. Pamefungwa."

"Kwani kuna la kujua tena?" Aliyesema hivyo alikuwa Abeli, mchuuzi wa dawa za mifugo aliyezunguka vijijini kwa pikipiki, mfuko wa dawa ukining'inia kwenye usukani. "Gazeti limesema chanjo inaua. Mimi nimewaambia siku zote. Dawa yangu ya kuchanjia mwaka wa ngapi huu, mmesikia imeua ng'ombe wa nani? Anayetaka aje kesho jioni hapahapa alipie, Ijumaa asubuhi nitapita zizini kwake kumchomea."

Wanaume waliokuwa karibu walianza kutajana nani ana ng'ombe wangapi. Danstan, baba yake Deodata, alikuwa miongoni mwao. Nyumbani walikuwa na ng'ombe wachache tu, na mmoja wao, Bihogo mwekundu, alikuwa na mimba. Maziwa ya Bihogo ndiyo yaliyomnunulia Deodata sare ya shule.

"Niandike na mimi, Abeli," alisema Danstan.

"Baba," alisema Deodata, "hatujasoma habari. Tumesoma kichwa."

"Si ndicho kimesema?"

"Kimesema chanjo. Hakijasema chanjo ipi, wala ya nani."

Abeli alitabasamu. "Siku hizi shuleni wanafundishwa kubishana na wakubwa. Soma tena, binti, waambie imeandikwa chanjo ya serikali."

"Haijaandikwa hivyo," alijibu Deodata. "Siwezi kusoma kitu ambacho hakipo."

"Nyamaza, Deodata," alisema baba yake. Akanyamaza, akamrudishia mama simu.

Hadi jioni kichwa kile kilikuwa kimeenea kwenye makundi ya WhatsApp ya kata nzima. Kila aliyekipokea aliongeza la kwake. Mmoja alisema zizi zima limekufa, mwingine akasema bwana mifugo ametoroka. Kesho yake shuleni wanafunzi walisimulia kana kwamba wameyaona kwa macho yao. Kila mara Deodata aliuliza swali lilelile: "Umeisoma yote?" Hakuna aliyekuwa ameisoma. Wengine walimcheka, wakamwita wakili wa ng'ombe. Hakujali.

Alhamisi alipofika sokoni alikuta watu wamemzunguka Abeli. Deodata hakugusa mihogo. Aliichukua simu, akashuka hadi mwisho kabisa wa ukurasa ule wenye kufuli, na pale, kwa maandishi madogo, akakuta namba ya chumba cha habari. Akapiga. Aliambiwa asubiri, kisha ikapokea sauti ya mwanamke.

"Shikamoo dada. Naitwa Deodata, napiga kutoka Nyakahura. Nataka kujua habari yenu ya chanjo inasema nini baada ya pale mlipofunga."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyeiandika. Naitwa Irine, niko hapa Ngara mjini. Mwambie mzazi wako alipie, mtaisoma yote."

"Mzazi wangu hana hela hiyo. Na sasa hivi watu wananunua dawa kwa mchuuzi kwa sababu ya kichwa chenu."

Irine alishusha pumzi. "Nisikilize, mdogo wangu. Habari hiyo nimezunguka vijiji kuitafuta, kwa bodaboda, kwenye mvua. Mafuta yanalipwa, nyumba ya wageni inalipwa, na mimi nina watoto. Zamani matangazo ya biashara yalitulipa. Sasa yamehamia kwenye mitandao mikubwa ya nje. Wenzangu wameacha kazi. Wasomaji wasipotulipa, itabidi tukawapigie magoti wenye vyeo watusaidie, na siku wakikosea tutawaandikaje?"

Deodata alifikiri kidogo. Alimtazama mama yake akipima maharage. Maneno ya Irine yalikuwa ya kweli, aliyaona. Lakini hakurudi nyuma.

"Dada, sisemi msilipwe. Hata mama hagawi maharage bure. Ila mama akijua kwamba maharage ya mtu fulani yana sumu, hasubiri mteja alipe ndipo amwambie. Na wanaoweza kulipia gazeti lenu wako mijini, hawana hata ndama. Ng'ombe wako huku."

Irine akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Huko kwenu watu wameelewa nini?"

"Wameelewa kwamba chanjo ya bwana mifugo inaua."

"Hapana. Siyo hiyo. Ng'ombe waliokufa walichomwa chanjo bandia, za wachuuzi. Nimeandika wazi kabisa."

"Hilo neno bandia liko wapi?"

"Liko..." Irine alisita. "Liko ndani."

"Ndani ya kufuli."

"Mhariri ndiye aliyekifupisha kichwa ili watu wavutike kulipia. Lakini jina lililo chini yake ni langu, siwezi kukwepa. Waambie basi, Deodata. Waambie hivyo nilivyokwambia."

"Nikiwaambia mimi hawatasikia, mimi ni mtoto. Utawaambia wewe mwenyewe."

Alibonyeza spika, akapanda juu ya kreti na kuinyanyua simu. Baba yake alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni kutoa pesa.

"Mwandishi wa gazeti yuko kwenye simu," alisema Deodata kwa sauti kubwa. "Atatusomea habari yote."

"Shuka hapo," alisema Danstan.

"Sishuki, baba. Unisamehe. Sikiliza kwanza, halafu ndipo unichape."

Watu waligeuka. Leonsia aliacha mizani yake, akaenda kusimama kando ya kreti, karibu kabisa na bintiye. Danstan alimtazama mkewe, akatulia.

Irine alianza kusoma. Alisoma polepole, kuanzia pale palipokuwa na kufuli. Uchunguzi ulikuwa umebaini kwamba wachuuzi walijaza maji yaliyotiwa rangi kwenye chupa zilizokwisha kutumika, wakaziuza vijijini kama chanjo. Ng'ombe waliochanjwa na wataalamu kwenye majosho walikuwa wazima. Wafugaji walishauriwa wasinunue chanjo kwa mtu yeyote anayeibeba mkononi.

"Nani amewaambia huyo ni mwandishi?" alikatiza Abeli. "Simu inaweza kusema chochote."

"Ni kweli, mimi hamnioni," alijibu Irine. "Basi msiniamini mimi. Mwulizeni huyo anayewauzia, kasha lake la barafu liko wapi. Chanjo ya ugonjwa huu ikikaa kwenye joto inaharibika. Bwana mifugo yeyote atawaambia hivyo."

Macho yote yalihamia kwenye mfuko uliokuwa ukining'inia kwenye pikipiki, juani.

"Abeli, baba," alisema Mwanaisha kwa upole, "hebu tuonyeshe barafu."

"Nimeliacha nyumbani hilo kasha."

"Na chanjo umekuja nayo?"

Abeli alinyanyua mguu apande pikipiki. Mwanaisha alikuwa ameshaushika usukani, na wanaume waliolipia walikuwa mbele ya tairi. Hawakumpiga. Walisimama tu pale hadi alipomrudishia kila mmoja pesa yake, na mtendaji wa kijiji alipofika aliuchukua mfuko wa dawa, akaondoka na Abeli mwenyewe.

Ijumaa asubuhi Danstan alikuwa wa kwanza kwenye josho, akimswaga Bihogo taratibu. Bwana mifugo alifungua kasha lake, moshi mweupe wa baridi ukatoka, na watu wakasogea kuchungulia. Baada ya hapo ng'ombe wa kijiji waliendelea kula na kucheua kama kawaida, huku vijiji viwili vya jirani vikifukia mizoga.

Wiki iliyofuata Irine alikuja mwenyewe sokoni. Alieleza kwamba usiku wa Alhamisi ile aligombana na mhariri wake hadi kufuli likaondolewa kwenye habari ya chanjo, na neno bandia likawekwa kwenye kichwa, mahali pake.

Mwanaisha alisema, "Na sisi tumezungumza. Tulikuwa tunakusikiliza bure kila siku bila kujiuliza unakula nini. Tutachanga, tulipie gazeti moja la soko zima, mradi mumruhusu Deodata atusomee kwa sauti."

"Mtaruhusiwa," alisema Irine. "Nitaleta kibali cha mhariri."

"Na kata ambazo hazina wa kuchanga?" aliuliza Deodata.

Irine alicheka. "Nilijua utauliza. Mhariri amekubali kwamba onyo lolote linalohusu afya ya watu au mifugo litaachwa wazi. Habari nyingine zitabaki na kufuli, maana ndizo zitakazotulipa."

"Akifunga tena onyo, nitapiga simu."

"Piga. Hata mimi nitakuwa upande wako."

Danstan alikuwa amesimama nyuma yao muda wote huo. Alikohoa, akamwekea binti yake mkono begani, mbele ya watu wote.

"Deodata, mimi ni baba yako na heshima naitaka. Lakini siku ile nilikunyamazisha wakati nilikuwa sijui lolote zaidi ya maneno manne. Nusu ya habari ilikaribia kunitia hasara, ingeweza hata kunimaliza. Kuanzia leo, mtu asiseme jambo asilolisoma lote, na anayetutafutia ukweli kwa jasho lake tumlipe, kama tunavyotaka kulipwa kwa mazao yetu. Na mimi nikikwambia nyamaza, na wewe unajua kwamba sijasoma, usinyamaze."

"Sitanyamaza, baba," alisema Deodata.