Ngoma Isiyokaa Chini

Jumatatu ile jumba la kumbukumbu la Bukanda lilifunguliwa kwa mara ya kwanza tangu Mzee Ndalahwa azikwe, na ngoma ya watemi haikuwepo.

Kwa miaka mingi Mzee Ndalahwa ndiye aliyewapandisha wageni kilima kile cha mawe, Ilemela, akiwaonyesha kiti cha mtemi, kisha mikuki, na mwisho kabisa ngoma. Asubuhi hiyo wanafunzi kutoka Magu walikuwa wamesimama mlangoni wakitazama nafasi tupu. Kibao cha "Usiguse" kilikuwa kimelazwa juu ya kiti, taratibu, kama mgeni aliyeombwa apishe kidogo.

Inspekta Safia alifika saa tatu. Kufuli lilikuwa zima, madirisha mazima. Mlinzi, Khalidi, alikuwa ameshatiwa pingu.

"Funguo za mlango huu ziko ngapi?" Safia aliuliza.

"Mbili, afande," alijibu Antoni, mkuu wa jumba. "Wangu na wa huyu. Wangu haujatoka mfukoni."

"Khalidi, alfajiri ulikuwa wapi?"

"Nilishuka msikitini kuswali."

"Lango ulimwachia nani?"

"Mungu."

Askari mmoja akacheka. Khalidi hakucheka.

Safia aliinama kizingitini. Palikuwa na ngata ya mafunjo mabichi, imebonyea katikati kwa uzito. Pembeni yake, sakafuni, kulikuwa na doa linalong'aa. Aligusa, akanusa kidole. Samli.

"Unaijua harufu hii?"

Khalidi alikitazama kidole, akageuza uso kuelekea ziwani. "Samli, afande. Nani asiyeijua?"

Alipelekwa kituoni, na Safia mwenyewe akaizima simu ya Khalidi na kuitia kwenye mfuko wa vitu vya mahabusu.

Mtu wa pili kutajwa alikuwa Chenge, mchonga vinyago wa mjini. Antoni alidai kwamba Chenge alikuja mara mbili kuipiga picha ngoma ile, akizunguka kuitazama kila upande.

"Nilitaka kuiga, si kuiba," Chenge alisema bila kuacha kupiga msasa. "Mimi ni mwizi wa mitindo tu, afande. Nikamate kwa hilo."

"Ngoma imepakwa samli kabla ya kuondolewa."

Hapo Chenge aliweka msasa chini. "Samli? Mnunuzi wa vitu vya kale anataka vumbi, anataka nyufa. Ukikipaka mafuta kikang'aa, umekiua. Huyo unayemtafuta hauzi."

Safia alirudi kwenye gari akakaa bila kuwasha injini. Alikuwa darasa la sita walipoletwa Bukanda na mwalimu wao. Aliikumbuka sauti ya Mzee Ndalahwa, ya chini, isiyo na haraka: "Hii haikai chini, wajukuu zangu. Na hailii mpaka ipakwe samli. Mtunzaji wake akifa hupigwa kaburini kwake, wazee waliotangulia wajue mkono umebadilika." Safia mdogo alikuwa amenyoosha kidole: "Na wewe, babu, nani atakupigia?" Mzee akacheka. "Nitamfundisha mtu."

Alirudi kilimani.

"Bwana Antoni, Mzee Ndalahwa alikuwa anafungua kwa ufunguo gani?"

Antoni aliugusa ufunguo mfukoni mwake. "Wa kwake."

"Kwa hiyo ziko tatu."

"Afande, ningemwombaje mjane ufunguo na matanga hayajaanuliwa? Watu wangesema nimekwenda kumfukuza marehemu."

"Ukaona heri Khalidi avae pingu."

Antoni aliangalia viatu vyake.

"Mjane alikuja hapa baada ya mazishi?"

"Alikuja. Aliomba ngoma ipelekwe kaburini, siku moja tu. Nilimwambia hiki ni kitu cha maonyesho, hakitoki."

Kaburi lilikuwa ng'ambo ya maji, upande wa Sengerema, alikozaliwa mzee. Kwenye kivuko cha Kamanga, mkata tiketi alimkumbuka abiria wa asubuhi sana.

"Mama wa msiba, ana kifurushi kwenye kitenge. Nikamwambia, mama, weka mzigo chini upumzike. Akanitazama kama nimemtukana! Alikipakata mpaka ng'ambo, kama mtoto mchanga."

Safia alimkuta Evelina, mjane wa Mzee Ndalahwa, kwenye mkeka kando ya udongo mpya. Kifurushi kilikuwa mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na pingu?"

"Nimekuja na pole kwanza."

"Nimeshapoa." Alifunua kitenge. Ngozi ya ngoma iling'aa kwa samli. "Ufunguo ulikuwa kwenye koti lake. Nilimsubiri Khalidi ashuke kuswali nikaingia. Nilipotoka niliihitaji mikono yote kufunga kufuli, nikaitua juu ya ngata. Nimekosea kuisahau, eti?"

"Isingekuwa ngata, nisingefika hapa." Safia alikaa mkekani. "Mbona hujaipiga?"

"Mimi siwezi. Wanaoyajua mapigo yake ni wawili. Mmoja ndiye huyu tuliyemlaza hapa."

"Na wa pili?"

"Khalidi. Mzee alimfundisha jioni, wageni wakishaondoka. Sikutaka aibe, nilitaka apige tu. Tangu nifike hapa nampigia simu aje. Haipatikani."

"Simu niliizima mimi, mama. Khalidi yuko mahabusu, kwa wizi wa ngoma hii."

Evelina aliishika ngoma kwa nguvu. "Mtoto wa watu! Na hakusema ni mimi?"

"Aliitambua samli kidoleni mwangu, akatazama ziwani. Nadhani alikuwa anakupa muda."

Mama alilia bila sauti, machozi yakidondokea ngozi ile na kuteleza juu ya samli.

"Niachie mpaka aje," alisema mwishowe. "Apige mara moja tu, halafu nichukueni."

Safia alitazama kaburi. Alitamani kusema ndiyo, na neno lilikuwa tayari mdomoni. "Imeshakuwa kielelezo, mama. Kielelezo hakipigwi. Hakimu akiniuliza, nitasema nini?"

"Wewe na Antoni lenu moja."

Evelina alikifunga kitenge, akamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. "Basi ibebe. Ila usiiweke chini."

Walivuka pamoja. Kivukoni Safia aliipakata ngoma njia nzima, na abiria wakampa pole, wakidhani yeye ndiye mfiwa. Hakuwasahihisha.

Khalidi aliachiwa jioni hiyo. Evelina yuko nje kwa dhamana, na shauri lake limeahirishwa tena. Ngoma iko kwenye stoo ya vielelezo, juu ya rafu, imekalia ngata ya mafunjo. Majani yakikauka, Khalidi huleta mabichi kaunta, na Safia huenda kuyabadilisha.