Milimita Ishirini na Mbili

Kila Jumamosi asubuhi Raya alikaa barazani kwao Kaole akitazama mawingu. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na akishaanza kuwaza, chai ilimpoa mkononi. Alijiuliza mawingu hulala wapi, na kwa nini mengine huipita Kaole bila hata kuisalimu.

Likizo hii mawazo yake yalipata kazi. Dada yake Hajra, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuo kikuu, alichaguliwa kutafiti mvua za pwani mpaka chuo kifunguliwe. Aliweka vipimamvua viwili: kimoja Mbegani, kingine uani kwao. Jumamosi yeye alikwenda Mbegani, naye Raya alisoma cha nyumbani saa tatu kamili. Akifanya vizuri, angepelekwa chuoni kuona puto la kupimia anga likirushwa. Raya aliliota puto hilo hata akiwa macho.

Jumamosi moja mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, Raya alijilaza mkekani akafuata wingu moja jeupe. Aliposhtuka, saa nne ilikuwa imekaribia! Alikimbilia uani, akakuta kipimamvua kitupu.

"Maji yake nimemwoshea mtoto uso," alisema Bibi Sihaba, akimpakata mdogo wake Raya. "Maji ya mvua yana baraka, mjukuu wangu. Saa tatu imepita, nikajua umeshapima."

Raya aliona haya kusema kweli. Alikumbuka kishindo cha mvua juu ya bati, akakisia, akaandika daftarini: milimita 22.

Adhuhuri Hajra alirudi, akaona daftari, akaruka kwa furaha.

"Mdogo wangu! Mbegani sita, hapa ishirini na mbili, na ni karibu tu! Kuna jambo angani juu yetu. Jumatatu nitamweleza msimamizi wangu, Dokta Abdulazizi, mbele ya wenzangu wote."

Mchana kutwa Hajra alichora mawingu na mishale ya upepo, huku akiimba. Njia ya mwongo ni fupi, Bibi hupenda kusema, lakini kwa Raya siku ile ilikuwa ndefu mno.

"Dada," alisema mwishowe, machozi yakimlengalenga, "ile ishirini na mbili niliitunga. Nilichelewa, Bibi akawa ameshayatumia maji."

Hajra aliikunja michoro yake taratibu.

"Umeniumiza, Raya." Kisha akampa kalamu. "Ikate kwa mstari mmoja. Andika pembeni yaliyotokea."

Jumatatu Hajra alimtumia Dokta Abdulazizi picha ya ukurasa ule wa daftari, kisha akampigia na kuiweka simu sikioni kwa Raya.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika, 'Haikupimwa, Bibi alimwosha mtoto uso'?"

"Ndiyo," Raya alinong'ona.

Dokta alicheka kidogo. "Kuota mawingu ni kuzuri, mwanangu. Sisi sote tulianza hivyo. Lakini siku isiyopimwa tutaiacha wazi, na kazi itaendelea. Siku ya kutunga hutufanya tuzitilie shaka hata zile za kweli. Ukikosa, sema umekosa. Puto linakusubiri."

Jumamosi iliyofuata kulinyesha manyunyu. Saa tatu kamili Raya alipiga magoti uani, akasoma, akaandika. Bibi alisimama kando na kikombe chake, akingoja ruhusa.

"Mbili, Bibi," alisema Raya, akimmiminia maji. "Haya, sasa mwoshe mtoto."