Tatatata Ndani ya Kiyoyozi

Kaeni sawasawa. Aliyekalia mguu wa mwenzake auachie. Haya.

Palikuwa na mtoto, Tunu, huko Korogwe. Alikuwa na miaka sita na masikio mawili. Wengi tunayo mawili. Tunu aliyatumia.

Baba yake alikuwa na gari kuukuu lenye kiyoyozi. Alikisifu kiyoyozi hicho kuliko alivyowasifu watoto wake.

Asubuhi moja Baba aliamka mkali. Nywele zake zilisimama kama ufagio.

"Kitana changu kiko wapi? Wiki nzima sikioni! Amekichukua paka!"

"Paka achane nini?" akauliza Mama.

Paka alikuwa amelala.

Siku hiyo Shangazi Mwajabu, dada yake Baba, alikuwa anaolewa Muheza. Mama alikuwa ameoka keki. Keki ya ghorofa tatu! Krimu nyeupe, na maua ya sukari juu.

"Krimu hii haitaki joto," akasema Mama. "Ikipata joto, itashuka kama kamasi."

Wakaingia garini. Baba kwenye usukani. Kando yake Mjomba Hoza, kaka yake Mama. Nyuma Mama na Tunu, keki katikati.

Mjomba Hoza aliwahi kutengeneza redio moja. Tangu siku hiyo anajua kila kitu.

Baba akawasha kiyoyozi. Shwaaa…

Tak! Tak! Tatatatata!

"Nini hicho?" Baba akaruka.

"Injini hiyo, shemeji," akasema Mjomba.

Wakasimama. Wakafunua boneti. Wakaitazama injini. Injini nayo ikawatazama.

"Baba," akasema Tunu, "mimi nasikia…"

"Tulia, mtoto. Wakubwa wanafikiri."

Wakaondoka tena.

Tak! Tak! Tatatatata!

"Basi ni tairi," akasema Mjomba.

Wakasimama. Mjomba akalipiga tairi teke. Pu! Tairi halikuumia. Mjomba aliumia. Sasa gari linalia, na Mjomba analia.

"Mjomba," akasema Tunu, "mimi nasikia…"

"Tulia, mtoto. Wakubwa wanafikiri."

Wakaondoka tena.

Tak! Tak! Tatatatata!

"Nakizima kiyoyozi hiki!" akasema Baba. Akakizima.

Kimya.

Kimya, na joto. Joto la kuchemsha yai. Ua moja la keki likateleza. Tii… pwa! Likamwangukia Tunu mapajani.

Tunu akalila. Mtoto gani asingelila?

Keki ikaanza kuinama kama mzee anayetafuta ndala yake.

"Baba," akasema Tunu, mdomo umejaa, "mimi nasikia…"

"Tulia, mto…"

"Mwache aseme!" Mama akafoka. "Nyie mnafikiri tangu asubuhi, na keki inavuja!"

Baba akasimamisha gari.

"Ukizima kiyoyozi, kimya," akasema Tunu. "Sasa washa. Namba moja."

Tak… tak… tak…

"Namba mbili."

Tak-tak-tak-tak.

"Namba tatu."

Tatatatatata!

"Si tairi, tumesimama," akasema Tunu. "Si injini, injini inanguruma vilevile. Ni feni ya kiyoyozi. Kuna kitu inakigonga."

Mjomba Hoza akakuna kichwa. "Nilitaka kusema hivyo hivyo," akasema.

Mwongo.

Tunu akapita mbele. Akatega sikio huku, akatega huko. Akalibandika kwenye kidroo cha mbele, kile Baba anachotupia kila kitu.

"Humu."

Mama akazima gari. Akauchomoa ufunguo, akaushika mwenyewe. Mkono na feni havichezi pamoja.

Wakatoa makaratasi. Wakatoa soksi moja. Wakatoa ganda la ndizi.

"La nani hili?" akauliza Mama. Baba akatazama dirishani.

Nyuma ya kidroo palikuwa na tundu, na ndani ya tundu ndiyo feni. Mkono wa Mjomba haukuingia. Mkono wa Baba uliingia. Haukutoka.

"Mama weee!"

"Mama yako yuko harusini, anatungoja," akasema Mama. Akachota krimu iliyomwagika, akampaka mkononi. Vuta! Vuta! Plop!

"Sasa mimi," akasema Tunu.

Mkono mdogo ukaingia. Ukapapasa. Ukatoka na kitu cheusi, kirefu, chenye meno.

Kitana!

Meno matatu hayapo.

"Nani alikitia humu?" akauliza Baba.

"Paka," akasema Mama. "Siku hizi paka anaendesha gari."

Tunu akayatoa na yale meno matatu. Mama akawasha gari, na Baba akawasha kiyoyozi.

Shwaaaaa…

Shwaaaaa tu. Krimu ikatulia. Keki ikafika Muheza imeinama, lakini imefika.

Shangazi Mwajabu akaitazama.

"Hee! Keki yangu ina adabu," akasema. "Inanipigia magoti."

Akamkatia Tunu kipande kikubwa kuliko cha Mjomba. Mjomba alipima kwa macho.

Jioni wakarudi. Shwaaaaa, kikaimba kiyoyozi. Tunu akalala nyuma, krimu kidevuni.

Nyumbani, Baba akambeba hadi kitandani. Kisha akatoka na dagaa wawili. Akachungulia kama kuna mtu anayemwona, akainama.

"Samahani, bwana," akamnong'oneza paka.

Paka akala dagaa. Akakitazama kichwa cha Baba. Nywele zilikuwa zimechanwa vizuri sana, ila mistari mitatu.

Paka akalala.

Nanyi laleni.