Fundo la Nailoni

Kila asubuhi Mwila alifagia banda la mbuzi huku akinung'unika. Alikuwa na miaka kumi na miwili na ulimi wa upupu. Jumamosi moja alikuta mbuzi wao amezaa dume, na kitovu cha mtoto kilikuwa kinavuja damu. Baba yake, Rabson, fundi wa nyavu pale Nchelenge kando ya ziwa, alishamkataza: mbuzi akizaa, asiguse kitu, amwite yeye. Mwila hakuita mtu. Alichukua uzi wa nailoni, ule mpya uliotoka Kasenga ng'ambo ya mpaka, akakifunga kitovu kwa fundo la wavu, lile lisilofunguka.

Alipokaza, aliona ngozi ya pembeni imebanwa ndani ya fundo. Mbuzi dume hukojolea karibu na kitovu, na ngozi ile ndiyo iliyokuwa njia ya mkojo. Mwila alipaka majivu juu yake ili fundo lisionekane, akaenda zake.

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, mwanambuzi alikuwa amelala chini, tumbo limevimba, anajikamua bila hata tone kutoka. Baba alifoka, "Nani aliingia humu?"

"Ba Chisenga," Mwila alisema, kwa lile "Ba" la kuheshimu wakubwa. "Nilimuona jana. Alikapiga kambuzi mateke."

Uongo mtupu! Lakini Chisenga, jirani yao mwenye kisirani, alikuwa amegombana na Rabson juu ya mahali pa kutega nyavu, na chuki haidai ushahidi. Baba alikamata kasia, akavuka ua. Chisenga naye alitoka na lake.

"Uniguse uone, Rabson! Mbuzi yako niiue juu ya nini?"

"Wewe njo muuaji! Mutoto aliona!"

Watu walijaa. Kasia lile lingepasua kichwa cha mtu. Kule bandani mwanambuzi alilia kwa sauti ndogo, na Mwila akajipenyeza kati ya wanaume wale wawili.

"Baba, wacha! Ni mimi! Nilikafunga kitovu na nailoni, nikabana na ngozi."

Kasia lilishuka. Shangazi yake, Ba Ennie, hakungoja maneno. Alikimbilia bandani, akaosha majivu, akapenyeza wembe, akakata. Mkojo ulitoka polepole, kisha kwa wingi, umechanganyika na damu.

"Umeona figo tunapochinja mbuzi?" alimkaripia Mwila. "Njo zinachuja damu, zinatoa mukojo. Ukiziba njia, mukojo inarudi kule juu, inaziharibu. Uzi ya pamba ingelegea. Nailoni hapana. Ungesema jana, zingekuwa nzima! Sasa itakuwa na kiu siku zote."

Mwanambuzi alipona, lakini figo zake hazikupona sawasawa. Hata alipokua, alikojoa ovyo na alikuwa na kiu kuliko wenzake; asipopewa maji, alilegea. Kazi ya kumtekea maji ziwani ilikuwa ya Mwila, iwe mvua au jua.

Jioni ya Jumapili ile ile fundo lilipokatwa, Baba alimtuma kwa Chisenga kuomba msamaha. Mwila alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kwa heshima. Chisenga aliendelea kushona wavu wake, hata hakumtazama.

"Pole yako sitaki," alisema mwishowe. "Fundo ya mukono, mutu yeyote mwenye wembe anaikata. Fundo ya mudomo, njo wewe mwenyewe tu unaweza kuikata. Na ukichelewa, kitu ndani inaharibika. Sasa nenda. Mbuzi yako iko na kiu."