Farasi Waliokwepa Mtego

"Mwamuzi, ukungu wako unavuja. Tunakuja kuuziba."

Msumari alisoma ujumbe huo akiwa juu ya Yamaha, taa nyekundu ikimtazama, lori la saruji likiwa mbele yake.

Hakungoja kijani.

Alijipenyeza kati ya lori na ukingo wa barabara. Kioo cha pikipiki kikakwaruza bodi ya lori na kung'oka. Dereva akamtukania ukoo mzima. Msumari hakumlaumu. Siku hiyo ukoo wake ulikuwa na mtu mmoja aliyestahili matusi, na ndiye aliyeshika usukani wa Yamaha.

Kisikilizio kikakoroma sikioni.

"Msumari, Kituo."

"Nakusikia, Bi Mkubwa," alimjibu mkuu wake.

"Umeuona ubao wa mchezo?"

"Nimeuona."

"Mpole ameondoka kwake na mtu mmoja. Wanaelekea kwa mwamuzi. Nani amewashtua?"

Msumari alibana breki, akakata kona, akaongeza mafuta tena.

"Sijui, Bi Mkubwa."

Alijua.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa falme, ule wa kwenye kompyuta. Wachezaji watano, ramani moja, zamu moja kwa siku. Kila mmoja anaiona nchi yake na kipande kidogo nje ya mipaka. Kwingine kote ni ukungu. Unafunga amri zako, unangoja wenzako wafunge zao, zamu inageuka na majeshi yote yanatembea pamoja. Amri ikishafungwa haifutiki, na hakuna anayeisoma mpaka zamu igeuke. Mwamuzi peke yake ndiye anayeiona ramani nzima.

Mwamuzi alikuwa fundi wa meno ya bandia. Alikuwa pia mume wa dada yake Msumari, na mtu wa kanuni mpaka kero. Juu ya kompyuta yake alibandika karatasi yenye maneno haya: Usichokiona hukijui. Ulichokiona hukisemi. Mke wake aliwahi kumuuliza nani anaongoza mchezo, akajibiwa asubiri kama wengine.

Mtu wa namna hiyo ni sanduku la chuma. Na wezi hupenda sanduku la chuma kuliko watu wema.

Mpole alikuwa mmoja wa wachezaji watano. Kazi yake ya kweli ilikuwa magendo ya vilipuzi. Katika mchezo alikuwa na misafara ya chumvi, akiiegesha ndani ya ukungu, mpakani mwa mchezaji mwingine ambaye mbele ya watu alikuwa adui yake. Adui huyo akihesabu safu na mahali, anajua ni kontena gani la kufungua kule bandari kavu. Hakuna simu, hakuna barua. Fundi wa meno aliwatunzia siri bila kujua ni siri ya nini.

Idara ya usalama ikamtuma Msumari. Akajiunga na mchezo kwa jina la Kobe. Shemeji alimkaribisha kwa furaha, akidhani ndugu wa mkewe hatimaye amepata burudani ya kistaarabu.

Jumapili moja shemeji alipokwenda jikoni, Msumari alichomeka nyuma ya kompyuta ile chombo kidogo kama punje ya mahindi. Kilimletea ramani nzima kwenye simu, na kila neno lililosemwa chumbani.

"Soma tu," Bi Mkubwa alimwonya. "Usitumie. Siku utakayotumia unachokiona, watajua kwamba unaona."

Kwa wiki kadhaa alisoma tu. Alishindwa vita, akapoteza miji, akanyamaza. Kisha aliwatuma wapanda farasi wake kwenye korongo, na juzi, walipofika mlangoni mwake, katika ramani ya wizi akawaona wapiga mishale wa Mpole wamejipanga kwenye ukungu, wanawangoja.

Akawageuza farasi.

Hakuna aliyemtuma. Taifa halikuwa na haja na farasi wale. Alichoka tu kupigwa kila siku na mtu anayejiita Mpole.

Asubuhi hii Mpole alifunga amri zake, ndani yake mahali lilipo kontena kubwa kuliko yote. Halafu, kama mchezaji yeyote makini, akakaa kupitia zamu iliyopita. Akaona nyayo za farasi zimefika mlangoni mwa mtego na kukata kona kama zimeonyeshwa njia. Akajua kuna mtu anaona. Na amri zake zimeshafungwa, haziwezi kurudi. Dawa ilikuwa moja: kuivunja mashine ya mwamuzi kabla zamu haijageuka, na kumvunja mwamuzi pamoja nayo.

Msumari alikuwa ameokoa farasi wa mwanga wa kioo cha kompyuta. Akamweka shemeji wa nyama na damu mahali pao.

Aliizima pikipiki nyuma ya duka la betri. Karakana ya fundi ilikuwa juu yake, ghorofa ya kwanza. Pajero nyeusi ilikuwa imeshaegeshwa mbele, milango wazi.

Amechelewa.

Alipandisha sauti ya chombo sikioni, akaanza kupanda ngazi za nyuma kwa ncha za viatu.

"Fundi, habari za kazi," ilisema sauti nyororo. Mpole.

"Salama. Umeleta meno ya nani?"

"Nimefuata yako."

Mtu wa pili alicheka. Kiti kikaburuzwa, mtu akaguna. Walikuwa wanamfunga.

"Nani ulimwonyesha ramani?"

"Sijamwonyesha mtu."

"Farasi wa Kobe waligeuka mlangoni mwa mtego wangu. Farasi hawana pua ya kunusa mishale."

"Niliona," fundi alisema. "Hata mimi nilishtuka."

"Kobe ni nani?"

Msumari alisimama katikati ya ngazi.

Shemeji alimjua Kobe vizuri. Ndiye aliyemsajili kwa mkono wake. Na kwa sauti yake ilikuwa wazi kwamba tangu juzi amekuwa akijumlisha mbili na mbili.

"Ni mchezaji," fundi alijibu.

"Jina lake. Anapokaa."

"Jina la mchezaji halitoki kwa mwamuzi. Una malalamiko, andika ubaoni, wote wasome."

"Bosi, huyu kichwani hazimo zote," yule wa pili alisema.

"Unatengeneza meno kwa mkono gani, fundi?"

"Wa kulia."

"Basi tuanze na huo."

Mashine ya kusugulia meno ikawashwa. Msumari aliijua sauti ile. Ilikuwa na jiwe la kusaga akriliki, plastiki ya meno ya bandia, na akriliki ni ngumu kuliko kidole.

"Kituo, naingia."

"Subiri." Sauti ya Bi Mkubwa haikupanda. "Vijana hawajafika bandari kavu. Leo, kwa dharura, Mpole anambipu mwenzake kila baada ya muda kuonyesha kwamba yu salama. Ukimkamata sasa akanyamaza, mwenzake atatoweka na kontena halitapatikana. Nipe nusu saa."

"Hana nusu saa."

"Msumari, hiyo ni amri."

"Mimi ndiye niliyewageuza farasi, Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa alikuwa amesikia uongo mwingi kazini, ukweli ukampata amekaa vibaya.

"Mjinga wewe," akasema. "Ingia. Lakini simu ya Mpole ibaki nzima."

Msumari alichomoa bastola yake, Glock 19, akasukuma mlango wa nyuma kwa bega.

Chumba kilinuka nta na moshi wa akriliki. Rafu za taya za jasi, nakala za vinywa vya wagonjwa, zilipanda mpaka dari, mamia, zote zikicheka. Shemeji alikuwa amefungwa mkono wa kushoto kwenye kiti. Mkono wa kulia ulikuwa umeshikiliwa na jitu lenye shingo kama gunia, vidole viwili vikivuja damu. Mpole alisimama kando ya kompyuta na nyundo mkononi, suti yake safi, kama mgeni wa harusi.

Jitu lilimwachia fundi, likapeleka mkono kiunoni.

Msumari hakupiga risasi. Shemeji alikuwa katikati. Aliupiga teke mfuko wa jasi ulio wazi juu ya meza, unga mweupe ukalipuka usoni mwa jitu.

Bastola ya jitu ilinguruma kipofu. Rafu ikapasuka. Taya zikamwagika sakafuni kama mawe.

Msumari alilipiga jitu kitako cha Glock nyuma ya sikio. Halikuanguka. Alilipiga tena. Likaenda chini na meza.

"Fundi, iage mashine yako," Mpole alisema, akainua nyundo.

Mkono wake ulipita mbele ya uso wa shemeji. Shemeji akaung'ata.

Alikuwa na meno yake mwenyewe, yote, na aliyatunza kuliko mtu yeyote mjini. Mpole alipiga yowe, nyundo ikaanguka, na aliposhusha macho mdomo wa Glock ulikuwa umeshagusa tai yake.

"Kaa."

Mpole alikaa kwenye vumbi la jasi, ameshika kifundo cha mkono. Akamtazama Msumari kwa muda, kisha akatabasamu.

"Kobe."

Msumari alimfunga pingu.

"Mimi ni mhalifu, sawa," Mpole alisema. "Lakini mwaka mzima sijachungulia ukungu wa mtu. Nilikushinda kihalali kila nilipokushinda. Wewe je?"

Msumari alikwenda kumfungua shemeji, akamfunga vidole kwa leso.

"Shemeji," fundi alisema.

"Naam, shemeji."

"Kiko wapi?"

Msumari aliinama nyuma ya kompyuta, akachomoa chombo, akakiweka kwenye kiganja cha shemeji. Shemeji alikigeuza kama anavyogeuza jino lenye ufa.

"Kidogo hivi. Uliniwekea lini?"

"Ile Jumapili ya chai."

"Nilikuwa jikoni nakutafutia sukari."

"Ndiyo."

"Na hawa watu, ni kweli wanaleta vitu vya kuua?"

"Kweli kabisa. Usiku mmoja tu wangeangusha mtaa mzima."

"Basi ungeniambia. Ningeufunga mchezo mbele ya wote na kuipa serikali ramani kwa mkono wangu." Alikipangusa chombo jasi. "Na kama hukuweza kuniambia, sawa, kazi ni kazi. Lakini wale farasi, shemeji. Wale farasi walikuwa kazi ya serikali?"

"Hapana."

"Walikuwa nini?"

"Sikutaka kushindwa."

Fundi alitikisa kichwa polepole. Angetukana, Msumari angepumua.

Redio ikakoroma. "Msumari, vijana wameingia bandari kavu. Makontena ni bahari. Nipe mahali."

Simu ya Mpole ilianza kulia sakafuni. Mwenzake. Mpole aliitazama tu, akafumba mdomo kama mlango wa benki.

"Mahali pamo kwenye amri zake," Msumari alisema haraka. "Amezifunga asubuhi. Wote wamefunga, nimebaki mimi tu. Niliambiwa niishikilie zamu mpaka vijana wafike bandarini. Ngoja nifunge, igeuke."

Alitoa simu yake. Shemeji aliifunika kwa mkono wenye leso.

"Huna zamu."

"Shemeji, hakuna muda wa..."

"Zamu hugeuka kila mtu akifunga au akitolewa. Na anayetolewa kwa kosa huondolewa ukungu, wote waone alichoficha. Ndiyo kanuni. Huyu ameingia na silaha nyumbani kwa mwamuzi. Ametoka."

Aligusa kitufe kwa kidole kizima. Jina la Mpole likazimika.

"Na wewe umechungulia."

"Shemeji."

"Asante kwa kuniokoa. Nakwambia kwa moyo, kidole changu hiki ni chako. Sasa toka."

Akabonyeza.

Jina la Kobe likazimika. Zamu ikageuka.

Ukungu ulinyanyuka kwenye ramani mara moja. Miji ya Kobe ikaonekana, maskini, na farasi wake wakiwa wamesimama mahali ambapo hawakustahili kuwa hai. Upande wa pili, mpakani, msafara mmoja wa chumvi ulikuwa umeegeshwa peke yake.

"Kituo. Safu ya tisa, la tatu kutoka chini."

Hapo hapo miguu ikasikika redioni ikikimbia juu ya changarawe. Chuma kikagonga chuma.

"Vigae vya sakafu," ilisema sauti ya kijana mmoja. Mbao zikavunjwa. Kisha taratibu zaidi: "Chini ya vigae si vigae. Viko vingi, Bi Mkubwa. Na kuna mtu anakuja na ufunguo."

"Mkaribisheni," alisema Bi Mkubwa.

Simu ya Mpole ikaacha kulia.

Vijana wa Idara walipanda ngazi, wakamwinua Mpole na jitu lake. Mlangoni Mpole alimgeukia fundi na kuinamisha kichwa, heshima ya mchezaji kwa mwamuzi. Msumari alipita bila kuinamiwa na yeyote.

Alirudi nyuma hatua moja.

"Dada utamwambia nini?"

"Yote."

"Mwambie rafu ilianguka, shemeji. Mpaka nitakapozungumza naye mwenyewe."

"Kuficha tena?" Fundi alikuwa amepiga magoti, anaokota taya moja moja, anasoma namba ya mgonjwa chini yake. "Aliyechungulia anakaa nje mpaka mchezo uishe. Hata mezani kwangu."

"Unaisha lini?"

"Ukiisha."

Msumari alipiga goti amsaidie. Shemeji aliichukua taya mkononi mwake kwa upole, akaiweka rafuni mwenyewe, akaendelea.

Msumari akasimama. Akajipangusa jasi kwenye koti, akavaa miwani ya jua, akashuka ngazi bila haraka. Watu wa duka la betri walimpisha njia. Kwa macho yao alikuwa mtu asiyetishika na kitu.

"Msumari, Kituo," Bi Mkubwa aliita alipowasha Yamaha. "Habari ya farasi tutaizungumza ofisini. Lakini kontena tunalo, na mwamuzi yu hai. Umeshinda."

"Nimetolewa, Bi Mkubwa," akasema, akaingia barabarani.