Mtambo Uliofuta Onyo

Asubuhi hiyo Mlainishi ulikuwa umefika ukurasa wa elfu tisa. Mtambo huo, mdogo kama kabati la vyombo, ulisoma miongozo yote ya wasimamizi wa mafaili wa jiji la Mbeya, ukahesabu kura za wasomaji na kuondoa kila sentensi iliyowaudhi. Wakubwa waliupenda kupita kiasi. Tangu uletwe hakuna msimamizi aliyelalamika, na wao kazi nzuri wanaipima hivyo tu.

Tusekile, aliyeandika miongozo hiyo kabla ya kustaafishwa kwa nguvu, aliketi mbele ya mtambo akiukodolea macho kwa hasira.

"Ni saini moja tu, mama," alisema Nzowa, Mkurugenzi wa Maghala ya Data. "Thibitisha kwamba mwongozo haukuwa na kasoro. Mengine tuachie sisi."

"Mengine ndiyo kumfunga huyu?"

Alimnyooshea kidole Asajile, msimamizi wa zamu, aliyekaa kando na askari. Wiki iliyopita ghala la vipimo vya pampu za sukari, zile zinazovaliwa kiunoni na kumchoma mgonjwa dawa zenyewe, lilianza kugoma. Asajile alifungua mwongozo, akasoma "Anza urekebishaji", akaanza. Lakini ghala lilikuwa bado wazi na pampu zilikuwa zinaandika humo. Programu ya kurekebisha nayo ikaandika palepale, vipimo vya watu vikachanganyika. Subilaga, mama mmoja fundi cherehani wa mtaa wa Iyunga, alichomwa dozi ya mtu mwenye mwili mara mbili ya wake. Alifia kwenye cherehani yake.

"Mimi niliandika ghala lifungwe kwanza," alisema Tusekile. "Sentensi ya kwanza kabisa! Iko wapi?"

"Matoleo ya zamani hatutunzi, mama."

"Basi niuulize mtambo wenu."

Mlainishi ulijibu kwa sauti tamu ya kukera. "Sentensi hiyo iliondolewa mwezi Machi. Wasomaji arobaini na wawili walisema inaudhi. Hakuna aliyeisifu."

"Nani angeisifu? Anayeihitaji ghala lake linaharibika, ana muda gani wa kupiga kura? Wanaopiga kura ni wanywa chai! Nitajie majina yao."

"Hilo si lazima," alidakia Nzowa, lakini mtambo ulikwisha kuanza. Jina la tano lilikuwa la Asajile.

Tusekile aligeuka polepole. "Wewe?"

"Nilikuwa mafunzoni," alisema Asajile. "Usome yote, ewe mtambo. Asikie alichoandika."

"Funga ghala kwanza, mzembe wewe," Mlainishi ulisoma. "Kama hata hilo linakushinda, kauze maandazi."

"Mama yangu kauza maandazi miaka ishirini," alisema Asajile. "Ndiyo yaliyonisomesha. Nilibonyeza 'inaudhi'. Sikujua wanafuta na onyo."

Nzowa alichangamka, akamsogezea Tusekile karatasi. "Unaona? Kajimaliza mwenyewe. Weka saini, twende."

Tusekile aliona aibu, aibu kweli. Siku alipoandika maneno yale alicheka peke yake, akajiona mjanja. Alichukua kalamu, akayakata maelezo ya Nzowa kwa mstari mmoja, akaandika chini yake kwamba onyo lilikuwepo, kwamba mtambo wa Mkurugenzi uliliondoa bila mtu yeyote kukagua, na kwamba matusi yaliyowaudhi wasomaji yalikuwa yake mwenyewe, Tusekile. Kisha akaweka saini.

"Umejiponza," alisema Nzowa. "Na wewe utashtakiwa."

"Nishtaki. Tutakuwa wote kizimbani."

Asajile hakutabasamu. "Usidhani nitakushukuru, mama. Mimi ndiye niliyekwenda Iyunga kumwambia mume wa marehemu. Aliniuliza mkewe kauawa na nini, nikashindwa kumjibu."

Tusekile alisimama, akachukua mkoba wake.

"Nielekeze nyumba. Nitakwenda kumweleza."

"Atakufukuza."

"Na anifukuze," alisema Tusekile. "Lakini kwanza atanisikia."